SAFU YA LUGHA: Upembuzi yakinifu

Mkazi wa Goweko, wilayani Uyui, akitaka barabara au maji ya bomba, hoja yake hufika Dodoma kupitia mbunge wa Igalula. Naibu waziri husimama: “Kwa niaba ya Waziri, naomba kujibu swali la Mheshimiwa Mbunge kama ifuatavyo.” Mara nyingi hufuata maneno mawili mazito: upembuzi yakinifu.

Kupembua ni kazi ya ungo: kurusharusha nafaka makapi yaondoke, zibaki punje. Yakini ni neno tulilolipata kutoka Kiarabu, maana yake uhakika. Kwa wahandisi, basi, upembuzi yakinifu ni kuchunguza kama mradi unawezekana, kwa gharama gani na kwa faida ipi. Baada yake huja usanifu wa kina, kisha zabuni, kisha mkandarasi.

Neno halina kosa. Kosa ni kitenzi kinacholiandama: “unaendelea”. Kitenzi hicho hakina mwanzo wala mwisho, na kikifungwa na “kadiri fedha zitakavyopatikana”, jibu linakuwa sahihi kisarufi huku likikosa tarehe.

Ndiyo maana kanuni za Bunge zikaruhusu swali la nyongeza. Mbunge hodari hulitumia kuuliza: upembuzi ulianza lini, nani anaufanya, na fedha za usanifu zimo katika bajeti ya mwaka gani? Waziri akitaja mwaka, wananchi wana jambo la kumdai. Akirudia “unaendelea”, hajajibu.