Jamaa aliyeiandikia benki masharti, benki ikasaini bila kusoma

Wadau, tumezoea benki ndiyo inatusainisha makaratasi yenye maandishi madogo mpaka uvae miwani. Huko Urusi mwaka 2008 kibao kiligeuka.

Jamaa mmoja wa mji wa Voronezh aliletewa kwa posta fomu ya kadi ya mkopo. Masharti hakuyapenda. Akaiskani kwenye kompyuta, akaandika ya kwake: riba asilimia 0, hakuna ada, mkopo hauna ukomo. Akaongeza kwamba benki ikibadili masharti kivyake inamlipa ruble milioni 3 kila mara, na ikivunja mkataba, milioni 6. Akasaini, akarudisha. Benki nayo ikakubali na kumtumia kadi!

Miaka 2 baadaye ikamfungia akaunti kwa kuchelewesha malipo. Mwaka 2012 ikamshtaki ikidai ruble 45,000, faini na ada zikiwemo. Mahakama ikasema mkataba aliouandika jamaa ni halali, maana benki yenyewe iliusaini. Akaamriwa alipe deni halisi tu, kama ruble 19,000.

Hakuishia hapo. Akaidai benki ruble milioni 24 kwa kukiuka masharti, benki ikamwita tapeli. Agosti 2013 wakapatana, kila upande ukafuta kesi yake.

Mamilioni hakuyapata, ila zile ada na faini hakuzilipa. Mteja wa kawaida akilalamika huambiwa "si ulisaini mwenyewe?" Safari hii aliyeambiwa hivyo ni benki.