Dhahabu, Mitaji ya Kigeni na Haki ya Mchimbaji: Kutoka Machimbo ya Kongo hadi Kanombe, 2001–2025

Uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kigali, ulioko Kanombe, ni lango kuu la nchi isiyo na pwani. Bati husafirishwa kwa malori hadi bandarini. Dhahabu hutoshea mkobani na kupanda ndege. Kwa sababu hiyo, historia ya haki za mchimbaji wa mashariki mwa Kongo haiishii shimoni, bali hufika pia Kanombe.

Mwaka 2001, jopo la wataalamu wa Umoja wa Mataifa liliyahusisha majeshi ya Rwanda na Uganda na uporaji wa madini ya Kongo. Serikali zote mbili zilikanusha. Kongo ilipokwenda mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, matokeo yalitofautiana. Uganda ilipatikana na hatia ya kukiuka wajibu wake tarehe 19 Desemba 2005, na mwaka 2022 iliamriwa kulipa dola milioni 325, zikiwemo milioni 60 kwa ajili ya maliasili. Kuhusu Rwanda, tarehe 3 Februari 2006 mahakama ilijitangaza kuwa haina mamlaka. Madai dhidi yake hayakuthibitishwa wala kutupwa.

Pale sheria ilipokoma, udhibiti wa biashara ulishika nafasi. Azimio la Lusaka la Desemba 2010 liliridhia mfumo wa kikanda wa vyeti vya asili ya madini. Lebo zilifaa kwa magunia ya bati na tantalamu. Dhahabu ikishayeyushwa na kuchanganywa, asili yake hufutika. Februari 2024 Umoja wa Ulaya ulitia saini na Rwanda makubaliano ya ushirikiano wa malighafi. Tarehe 17 Machi 2025 ukakiwekea vikwazo kiwanda cha kusafishia dhahabu cha Gasabo, Kigali, ukikihusisha na dhahabu kutoka maeneo yaliyoshikwa na M23. Rwanda imeendelea kukana kunufaika na madini ya magendo.

Katika njia zote mbili, mchimbaji hayumo: fidia huamriwa kwa dola, vikwazo huelekezwa kwa kiwanda. Sera inayomlinda haina budi kuanzia shimoni, kwa kuandika nani kachimba, kiasi gani na kwa bei gani, kabla ya dhahabu kufika kwenye tanuri. Rekodi inayoanzia uwanjani imechelewa.