Msaada wa kiufundi: lugha ya kueleza tatizo la programu

Msaada wa kiufundi (ngeli ya U-I) ni usaidizi anaopewa mtumiaji wa kifaa au programu anapokwama. Kwa programu za fani maalumu, msaada huo hupatikana kwa watengenezaji wenyewe, kwa kampuni yenye mkataba wa huduma, au kwa watumiaji wengine katika majukwaa yao. Kote huko, anayesaidia kwa kawaida haioni kompyuta ya mwombaji. Huona maneno yake tu. Neno lisilo sahihi humpeleka kutafuta pasipo na tatizo.

Tatizo, kosa, hitilafu

Tatizo ni hali yoyote inayomkwamisha mtumiaji, chanzo kijulikane au kisijulikane. Kosa ni tendo lisilo sahihi la mtumiaji, kama kuandika neno mahali panapotakiwa tarakimu. Hitilafu ni kasoro iliyomo ndani ya programu yenyewe.

Tofauti hiyo huamua mahali pa kupeleka ombi. Mfano ni QGIS, programu huria ya kutengeneza na kuchanganua ramani, iliyoanzishwa na Gary Sherman mwaka 2002. Maswali ya matumizi huulizwa kwa watumiaji wenzake. Hitilafu za programu huripotiwa kwa watengenezaji kupitia GitHub. Hitilafu za programu-jalizi hupelekwa kwa aliyeiandika. Kabla ya kuripoti, mtumiaji hutakiwa kujaribu katika wasifu mpya, usio na programu-jalizi alizojiongezea. Tatizo likitoweka humo, chanzo hutafutwa kwanza katika mipangilio yake au programu-jalizi hizo.

Viambishi vya wakati

Sentensi tatu zifuatazo hazina maana moja:

– Faili halifunguki: kila linapojaribiwa, halikubali.
– Faili halikufunguka: lilishindikana katika jaribio lililopita.
– Faili halijafunguka: pengine bado linapakiwa.

Vivyo hivyo, "nilipohifadhi, programu iliganda" hueleza tukio lililopita, ilhali "nikihifadhi, programu huganda" hueleza jambo linalojirudia. Mtengenezaji huhitaji sana kujua hilo, kwa kuwa hitilafu inayojirudia ni rahisi kuchunguzwa kuliko ile iliyotokea mara moja. Mfasiri wa ripoti ya aina hiyo hana budi kuihifadhi tofauti kati ya -po- na -ki-.

Kauli ya kutendeka

"Faili limefutika" ni Kiswahili sanifu, lakini kauli ya kutendeka humficha mtenda. Katika ripoti ya kiufundi mtenda ndiye anayetafutwa: "nimelifuta faili" huomba njia ya kulirejesha, na "programu imelifuta faili" hudai kuwapo kwa hitilafu. Kauli ya kutendeka inafaa pale tu ambapo mtenda hajulikani kweli.

Kitenzi "kugoma" nacho kinafaa katika mazungumzo, lakini hakitoshi katika ripoti. Programu inaweza kuganda (skrini haibadiliki), kujifunga (inatoweka) au kukataa amri (inaendelea kufanya kazi bila kutekeleza kilichoombwa).

Ujumbe wa skrini

Ujumbe unaotokea kwenye skrini hunukuliwa neno kwa neno, katika lugha uliyotokea nayo, kisha hufafanuliwa kwa Kiswahili ikibidi. Ukitafsiriwa peke yake hauwezi tena kutumiwa kutafuta majibu yaliyokwisha kutolewa.

Mfano

Ombi lisilotosheleza: "QGIS imegoma, naomba msaada haraka."

Ombi linalotosheleza: "Natumia QGIS 3.34 kwenye Windows 11. Kila nikihifadhi faili la mipaka ya kata, programu inaganda. Katika wasifu mpya haigandi. Naomba kuelekezwa."

Ombi la pili lina toleo, mfumo wa uendeshaji, tendo, matokeo na jaribio lililokwisha kufanywa. Anayelisoma anajua tayari kwamba aanze na mipangilio na programu-jalizi za mwombaji.