Kufungwa kwa Hatua Nne: Hitilafu ya Miaka Zaidi ya 500

Kila anayeanza kucheza sataranji, au chesi kama wengi tunavyoiita hapa Kenya, hukutana nayo mapema. Malkia wa mpinzani anatoka mbio, anasaidiwa na askofu, na kwa hatua ya nne anakila kitunda cha f7 kando ya mfalme wako. Basi, mchezo umekwisha! Mpwa wangu alifungwa hivyo mara mbili kwa siku moja akaacha kabisa chama cha chesi shuleni, ati yeye hana akili ya mchezo huo. Mimi nasema akili haihusiki sana. Hii ni hitilafu ya toleo jipya, na sisi tunaoandika programu tunazijua hizo.

Neno sataranji tulilipata kutoka Kiarabu, shatranj, na shatranj ulikuwa mchezo wa polepole. Palipo na malkia leo alikaa waziri, aliyesogea mraba mmoja tu kwa mshazari. Palipo na askofu alikaa ndovu, aliyeruka miraba miwili na kutua. Waziri huyo angehitaji angalau hatua sita kufika mstari wa f7. Malkia wa leo anafika kwa mbili.

Mabadiliko yalikuja mwishoni mwa karne ya 15 huko Hispania. Kitabu cha Lucena, kilichochapishwa Salamanca mwaka 1497, kina mafumbo ya sheria za zamani na mpya pamoja, kama mwongozo wa matoleo mawili. Waitaliano waliuita mchezo mpya wa kichaa, na hawakukosea. Malkia na askofu waliongezewa nguvu, lakini mpangilio wa kete ukabaki uleule: f7 bado inalindwa na mfalme peke yake.

Waliokuja baadaye waliigeuza hitilafu hiyo kuwa kazi. Gioachino Greco, Mtaliano wa Calabria, aliandika michezo mifupi iliyojaa mitego katika miaka ya 1620 na kuwapa matajiri waliomfadhili. Mwaka 1656 Francis Beale alichapisha michezo ya Greco huko London. Waingereza huita ufungaji huu wa mwanachuoni, Wafaransa wa mchungaji, Warusi wa watoto. Hilo la Warusi ndilo linalouma zaidi.

Kuna njia fupi kuliko hiyo, ya hatua mbili tu. Nilipoandika programu ndogo ya chesi niliijaribu kwa hesabu inayojulikana: kila upande ukicheza mara mbili, kuna njia 197,281. Zinazoishia kwa mfalme kufungwa ni 8 tu, na zote anayefungwa ni mweupe, kwa kusogeza vitunda vya f na g. Kwa hiyo hiyo usiihofu, ni lazima ujifunge mwenyewe.

Ya hatua nne ni hatari kwa sababu nyingine. Malkia akitua h5 anatishia kitunda cha e5, unakilinda kwa farasi kwenye c6, vizuri kabisa. Askofu anakuja c4. Sasa unamwona malkia nje peke yake, unamtoa farasi wa pili f6 kumfukuza. Hatua hiyo walimu wote huisifu! Anayeanguka hapa amefuata mafunzo yake, isipokuwa alijibu tishio la kwanza na kusahau kuuliza kama kuna la pili.

Dawa ni kusogeza kitunda cha g hadi g6 kwanza, ndipo farasi atoke. Malkia anaanza kukimbia, na kila akikimbia wewe unatoa kete nyingine. Hata mabingwa hawasalimiki: mwaka 2005 Hikaru Nakamura alimtoa malkia h5 kwa hatua ya pili dhidi ya Krishnan Sasikiran, katika mashindano halisi, akashindwa.