Breki za tela: funzo la Armagh, mwaka 1889

Msimu wa mavuno matela huongezeka barabarani: ya trekta, ya pawatila na ya pikapu. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Bwana shamba, breki za gari langu ni nzima, tela linahitaji breki za nini?" Leo nitalijibu kwa kisa cha kweli cha treni, kwa sababu treni ni injini inayovuta matela mengi, na wenye treni walijifunza somo hili kabla yetu sisi wa barabarani.

Tarehe 12 Juni 1889, treni iliondoka mji wa Armagh, kaskazini mwa Ayalandi, ikipeleka watoto wa shule ya Jumapili na wazazi wao matembezi ya pwani, Warrenpoint. Ilikuwa na mabehewa 15 na watu wapatao 940. Mzigo uliizidi injini, ikakwama kwenye mlima kabla ya kufika kileleni. Wahudumu wakaamua kuikata treni mara mbili: mabehewa ya mbele yavutwe kwanza, 10 ya nyuma yafuatwe baadaye.

Treni hiyo ilikuwa na breki hadi kwenye mabehewa. Tatizo ni aina yake. Zilishika pale tu injini ilipovuta hewa kutoka kwenye bomba lililounganisha mabehewa yote. Bomba likifunguliwa, breki zinaachia. Kwa hiyo mabehewa 10 yaliyojaa watu yalibaki mlimani yakishikiliwa na breki ya mkono ya behewa la mwisho, pamoja na mawe chini ya magurudumu. Injini ilipotaka kuondoka ilirudi nyuma kidogo, ikayasukuma. Mawe yakapondeka. Mabehewa yakateremka kwa kasi na kugonga treni nyingine iliyokuwa ikipanda nyuma yao. Watu wapatao 80 walikufa, wakiwemo watoto wengi.

Kinachouma zaidi ni kwamba dawa ilikuwa tayari ipo. Mwaka 1869 Mmarekani George Westinghouse, akiwa na umri wa miaka 22, alitengeneza breki za upepo. Zile za kwanza nazo zilikuwa na kasoro: mpira ukipasuka, huna breki. Mwaka 1872 akageuza mpango. Kila behewa likapewa tangi lake la upepo, na bomba likawa kazi yake kuzuia breki zisishike. Bomba likikatika, upepo wa bomba unatoka, na ule wa tangi unabana breki wenyewe. Maana yake hitilafu husimamisha treni badala ya kuiachia. Miaka 17 ilipita kati ya dawa hiyo na msiba wa Armagh. Baada ya msiba, katika mwaka uleule wa 1889, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kulazimisha treni za abiria kuwa na breki zinazojishika zenyewe.

Malori makubwa ya leo yanafuata njia hiyohiyo. Mpira wa upepo wa tela ukichomoka, tela linajibana na kusimama.

Pikapu kubwa za Marekani zinazovuta matela ya mifugo hutumia breki za umeme. Kifaa kidogo karibu na usukani hupeleka umeme wa betri kwenye sumaku zilizo ndani ya magurudumu ya tela. Sumaku hung'ang'ania dramu inayozunguka, huvuta mkono mdogo wa chuma, na mkono huo husukuma breki shuu. Kazi yake ni nzuri, lakini hapa tumerudi Armagh: waya ukikatika, breki zinaachia. Ndiyo maana tela la namna hiyo huwekwa betri yake ndogo na swichi yenye pini. Tela likichomoka, kamba ya chuma inavuta pini, na betri hiyo inabana breki. Kwa matela ya biashara, sheria ya Marekani inataka breki hizo zishike kwa angalau dakika 15.

Ukiwa na tela la breki za umeme na halishiki, kagua kwa mpangilio huu:

1. Anza na plagi kati ya gari na tela. Safisha kutu na matope.
2. Kagua waya wa bodi. Ukiwa umelegea au una kutu, sumaku hupata umeme dhaifu.
3. Fuata waya hadi kwenye magurudumu. Tafuta palipochunika.
4. Kwenye uwanja tambarare, nenda polepole, kisha bonyeza kifaa cha usukanini kwa mkono bila kukanyaga breki. Unapaswa kuhisi tela likikuvuta nyuma.
5. Chomoa pini ya dharura, jaribu kusogea kidogo. Magurudumu ya tela yagome. Yasipogoma, huenda betri imekufa. Rudisha pini mara moja, isije ikamaliza betri.
6. Kamba ya pini ifungwe kwenye bodi ya gari, siyo kwenye minyororo wala kwenye kiungio cha tela.

Na wewe ambaye tela lako halina breki kabisa, Armagh inakuhusu zaidi. Usilifungue tela mlimani. Ukikwama, shusha mzigo kwanza, tela likiwa bado limefungwa kwenye gari. Beba kabari mbili za mbao ngumu, kwa sababu jiwe la kuokota njiani linaweza kupondeka au kuteleza. Teremka kwa gia ndogo. Na usipakie watoto juu ya magunia, hata kama ni hapo jirani tu.