Bastola Mpya ya Kujilinda Nyumbani: Namna ya Kupima Iwapo Inategemeka

Ununuzi wa bastola kwa ajili ya kulinda nyumba ni uamuzi unaogusa maisha ya watu wengi: mmiliki, familia yake, majirani, na hata mgeni anayegonga mlango usiku. Kwa sababu hiyo, swali la iwapo silaha hiyo inategemeka haliwezi kuachiwa sifa za dukani au umaarufu wa jina la mtengenezaji. Makala haya yanaeleza maana ya kutegemeka kwa bastola, vipimo vinavyotumika kuthibitisha jambo hilo, mambo yanayosababisha silaha kushindwa kufanya kazi, na wajibu wa mmiliki kwa mujibu wa sheria za nchi.

Maana mbili za kutegemeka

Bastola inayotegemeka hutimiza masharti mawili. Kwanza, hufyatua risasi kila inapotakiwa kufanya hivyo. Pili, haifyatui kamwe pale isipotakiwa. Wanunuzi wengi huuliza juu ya sharti la kwanza pekee, kwa kuwa hofu yao ni kukwama kwa silaha mbele ya mhalifu. Hata hivyo, kwa silaha inayokaa nyumbani, sharti la pili lina uzito mkubwa zaidi. Bastola hukaa miaka mingi bila kutumika, lakini hubebwa, husafishwa na huweza kuanguka sakafuni mara kadhaa katika kipindi hicho.

Namna bastola inavyofanya kazi na mahali inapokwama

Bastola nyingi za kisasa hujipakia zenyewe. Mmiliki anapovuta kifyatulio, pini hugonga fataki iliyo kwenye kitako cha risasi, baruti huwaka na risasi hutoka kupitia mtutu. Nguvu ya mlipuko husukuma nyuma sehemu ya juu ya bastola, ganda tupu hutolewa nje, kisha springi huirudisha sehemu hiyo mbele ikiwa imechukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Mzunguko huu wote hukamilika katika sehemu ndogo sana ya sekunde.

Kila hatua ya mzunguko huo inaweza kushindikana. Midomo ya magazini ikipinda, risasi inayofuata haiingii sawasawa katika chemba. Springi ikichoka, sehemu ya juu hairudi kwa nguvu inayostahili. Ganda lisipotoka lote, hubanwa na kuzuia risasi inayofuata. Mkono usioshika mpini kwa uthabiti nao unaweza kuifanya bastola nzima irudi nyuma pamoja na sehemu ya juu, na hivyo mzunguko usikamilike. Kwa maneno mengine, kutegemeka ni sifa ya mfumo mzima: silaha, magazini, aina ya risasi, matunzo na mtumiaji mwenyewe.

Vipimo vya watengenezaji na vya serikali

Mfano maarufu wa kipimo cha kutegemeka ni ule wa Machi 1911 nchini Marekani, ambapo bastola iliyobuniwa na John Browning ilifyatua risasi 6,000 bila kukwama hata mara moja. Jeshi la nchi hiyo liliipitisha rasmi tarehe 29 Machi 1911, na ikabaki kuwa bastola yake kuu hadi miaka ya 1980.

Kwa silaha za kiraia, jimbo la California limeweka kipimo ambacho matokeo yake huamua iwapo aina ya bastola inaweza kuuzwa na wafanyabiashara wa jimbo hilo. Bastola tatu za aina moja hufyatua risasi 600 kila moja. Risasi 20 za mwanzo zinapaswa kutoka bila tatizo lolote, na katika risasi zote 600 silaha haipaswi kukwama zaidi ya mara 6 wala kupata ufa. Baadaye silaha huangushwa kutoka kimo cha mita 1 na sentimita 1 juu ya zege, katika mikao 6 tofauti, na haipaswi kufyatuka.

Msomaji anapaswa kuzielewa takwimu hizo vizuri. Kukwama mara 6 katika risasi 600 ni sawa na mara 1 kwa kila risasi 100. Hicho ni kiwango cha chini kinachokubalika kwa ajili ya mauzo. Hakithibitishi kwamba silaha haina kasoro. Aidha, kinachopimwa ni sampuli tatu, wala si bastola ile ile itakayofika mikononi mwa mnunuzi.

Funzo la mwaka 2017

Tukio lililoonesha umuhimu wa sharti la pili lilitokea Marekani mwaka 2017. Mwezi Januari mwaka huo, jeshi la nchi hiyo liliichagua bastola ya SIG Sauer, iliyotokana na aina ya P320, kuwa silaha yake mpya ya mkononi. Miezi michache baadaye, majaribio ya watu binafsi yalionesha kuwa P320 iliyouzwa kwa raia ingeweza kufyatuka yenyewe ikianguka kwa pembe fulani. Mwezi Agosti kampuni hiyo ilitangaza mpango wa hiari wa kuzifanyia marekebisho bastola hizo bila malipo.

Chanzo kilikuwa cha kifizikia. Bastola inapoanguka na kusimama ghafla, vipuri vyake vya ndani huendelea na mwendo. Kifyatulio kikiwa kizito, mwendo huo unaweza kutosha kukivuta nyuma kana kwamba kimevutwa kwa kidole. Sehemu ya marekebisho ilikuwa kuweka kifyatulio chepesi zaidi. Ikumbukwe kuwa bastola hiyo ilikuwa imekidhi viwango vya kawaida vya tasnia ya silaha vya kuangushwa. Kasoro ilijitokeza katika pembe ambayo vipimo hivyo havikuihusisha. Baadaye yalifunguliwa mashauri mbalimbali mahakamani yakidai kuwa silaha hizo hufyatuka bila kuvutwa, madai ambayo kampuni imeyakanusha.

Hata aina zenye sifa ya miaka mingi hufanyiwa marekebisho zinapotoka katika toleo jipya. Mwaka 2011, kampuni ya Glock ilianzisha mpango wa kubadilisha springi za bastola za kizazi chake cha nne, kilichoingia sokoni mwaka uliotangulia. Kwa hiyo, mnunuzi mwenye busara haharakii toleo lililotoka juzi. Huchagua aina iliyokwisha kutumika kwa miaka kadhaa na kasoro zake kujulikana, huhifadhi namba ya silaha yake, na hufuatilia matangazo ya mtengenezaji. Ufuatiliaji huo ni muhimu kwa kuwa hata nchini Marekani, tume ya serikali ya usalama wa bidhaa za walaji haina mamlaka juu ya silaha za moto, na urejeshaji wa silaha zenye kasoro hutegemea zaidi hiari ya kampuni au amri ya mahakama.

Jaribio la mmiliki mwenyewe

Bastola mpya haipaswi kutoka dukani na kuwekwa moja kwa moja kando ya kitanda. Mmiliki aijaribu kwanza katika eneo la kulengea shabaha lililoidhinishwa, chini ya mwalimu, kwa kiasi cha risasi kinachoruhusiwa na kibali chake, na kwa aina ile ile ya risasi pamoja na magazini zile zile anazokusudia kuzitumia.

Hesabu ifuatayo inaonesha kwa nini risasi chache hazitoshi. Bastola inayokwama mara 1 kwa kila risasi 100 ina uwezekano wa takriban asilimia 82 wa kupita jaribio la risasi 20 bila tatizo lolote. Katika jaribio la risasi 200, uwezekano huo hushuka hadi takriban asilimia 13. Kila silaha inapokwama, mmiliki aandike tarehe, magazini iliyotumika na aina ya risasi. Tatizo likijirudia kwa magazini moja, magazini hiyo ibadilishwe. Likijirudia kwa zote, silaha irudishwe kwa muuzaji aliyeidhinishwa. Risasi isipolipuka, mtutu uendelee kuelekezwa mahali salama kwa angalau sekunde 30 kabla ya kuitoa, kwani fataki huweza kuchelewa kuwaka.

Unyevu, chumvi na matunzo

Katika miji ya pwani kama Tanga, Dar es Salaam na Mtwara, hewa yenye unyevu na chumvi huharakisha kutu kwenye vipuri vya chuma. Silaha iliyofungiwa kabatini mwaka mzima bila kukaguliwa inaweza kuwa na kutu ndani hata kama nje inang'aa. Mafuta yakizidi nayo huleta madhara, kwa sababu hunasa vumbi na yanaweza kupenya kwenye fataki. Silaha ikaguliwe na kusafishwa kwa ratiba, ikiwa imeondolewa risasi zote na chemba kuhakikiwa kwa macho na kwa kidole. Risasi zihifadhiwe mahali pakavu, na zile zenye kutu au mikunjo zisitumike.

Wajibu wa kisheria na usalama wa familia

Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inakataza kumiliki silaha ya moto bila leseni. Leseni hutolewa kwa mtu. Hivyo mke, mume, mtoto au mlinzi wa nyumba hapati haki ya kuitumia silaha kwa sababu tu ipo nyumbani, na mrithi halazimiki kuibakiza wala haruhusiwi kukaa nayo bila kibali chake mwenyewe.

Aidha, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya mtu kujilinda, kumlinda mwingine na kulinda mali, lakini kwa nguvu ya kiasi kinachohitajika tu. Anayetumia nguvu kupita kiasi huwajibika kwa jinai, na endapo atasababisha kifo anaweza kutiwa hatiani kwa kosa la kuua bila kukusudia. Risasi ya bastola hupenya mlango wa mbao na kuta nyepesi kwa urahisi, hivyo aliye chumba cha pili anaweza kudhurika hata kama mlengaji hamwoni.

Utafiti uliochapishwa mwaka 1993 katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, uliofanywa katika wilaya tatu za Marekani, ulibaini kuwa kaya zilizokuwa na bunduki au bastola zilihusishwa na hatari ya mauaji nyumbani iliyo kubwa mara 2.7 kuliko kaya zisizo nazo, hasa mauaji yaliyofanywa na ndugu au watu wanaofahamiana. Matokeo hayo yanaonesha kuwa hatari haitoki nje ya uzio pekee.

Kwa msingi huo, silaha ifungiwe katika sanduku imara lenye ufunguo au namba ya siri isiyojulikana kwa watoto, na risasi zihifadhiwe mahali tofauti. Upotevu wa silaha utolewe taarifa polisi mara moja. Mwananchi anayehisi kuvamiwa apige simu ya dharura 112, afunge milango na kuikusanya familia katika chumba kimoja. Kufuli madhubuti, taa za nje na ushirikiano na majirani pamoja na polisi kata hupunguza hatari bila kuongeza nyingine ndani ya nyumba, na vinapaswa kutangulia uamuzi wowote wa kuomba leseni ya bastola.