Kupanga kabati la nguo ili nyumba iwe salama kwa mtoto

Katika nyumba nyingi za Kichiwa na vijiji vya jirani, kabati la chumbani halihifadhi nguo peke yake. Humo mna kadi ya kliniki, pesa ya kikundi, dawa za mgonjwa, betri za tochi, na wakati mwingine chupa ya dawa ya kuulia wadudu iliyobaki msimu uliopita. Vitu vikijaa, kila mtu anasukuma chake nyuma au chini ya nguo, na baada ya muda hakuna anayekumbuka kilichomo.

Hapo ndipo hatari inapoanza. Kitu kilichofichwa chini ya nguo watu wazima hawakioni, lakini mtoto anayetambaa au anayejifunza kusimama anakifikia kwa urahisi. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano hujifunza kwa kushika, kufungua na kuonja. Kwa hiyo shika jambo hili moja: kuficha si kuhifadhi salama. Kuhifadhi salama ni kuweka kitu juu, pasipofikika, na kukifungia.

Ukurasa huu unakuonyesha jinsi ya kupanga kabati lako, kitu gani kitoke kabisa, na hatua za kuchukua mtoto akila au kunywa kitu cha hatari.

Vitu ambavyo visikae chumbani kabisa

Anza na hivi kabla ya kugusa nguo.

*Dawa za shambani.* Mkoa wetu unalima mahindi, viazi, chai na parachichi, na wakulima wengi hupulizia dawa za wadudu na za ukungu. Dawa hizi huingia mwilini kwa kunywa, kwa kuvuta hewa na hata kupitia ngozi. Ziweke nje ya nyumba mnayolala, kwenye stoo au sanduku lenye kufuli, mbali na chakula. Usizihamishie kamwe kwenye chupa ya soda, ya maji au ya juisi, kwa sababu mtoto huitambua chupa, haijui dawa iliyomo.

*Vidonge vya kufukizia mahindi.* Baadhi ya watu huweka vidonge hivi kwenye magunia kisha wakayapanga magunia chumbani. Ni hatari kubwa. Vidonge vyenye alumini fosfaidi vikipata unyevu, hata ule wa hewani, hutoa gesi yenye sumu kali inayoweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Usilale chumba kimoja na mahindi yaliyowekewa vidonge hivyo. Muulize bwana shamba au bibi shamba wa kata kuhusu mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu. Mfuko huo ukifungwa vizuri hewa haipiti, na wadudu hufa bila dawa yoyote.

*Mafuta ya taa, petroli na dawa za kufanyia usafi.* Mtoto akinywa mafuta ya taa, hata kidogo, yanaweza kuingia kwenye mapafu na kumletea shida kubwa ya kupumua.

*Nguo za kupulizia dawa.* Ovaroli, shati na kofia ya mtu aliyepulizia dawa visichanganywe na nguo za familia, iwe kwenye beseni la kufulia au kabatini. Zifuliwe peke yake, zianikwe peke yake na zitundikwe nje ya chumba. Anayezifua avae glovu.

Dawa za binadamu: juu, zimefungiwa, kwenye chupa yake

Hakuna dawa iliyo "ndogo" kwa mtoto. Vidonge vya kuongeza damu, ambavyo kina mama wajawazito hupewa kliniki, ni mfano mzuri. Vingi vina rangi nyekundu na vinafanana na pipi. Kwa mama vinajenga damu, lakini mtoto mdogo akimeza vidonge vichache anaweza kuumia vibaya na hata kufa. Dawa za presha, kisukari na kifafa nazo ni hatari vilevile.

Njombe ni miongoni mwa mikoa yenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya VVU nchini, na katika nyumba nyingi yupo anayetumia dawa za kufubaza virusi. Wengi huzificha chini ya nguo au chini ya godoro ili mgeni asizione. Faragha ni haki yako, na unaweza kuilinda bila kumhatarisha mtoto. Tafuta kisanduku kidogo chenye kufuli au mkoba wa zipu unaofungika, uuweke juu kabisa ya kabati. Mgeni hataona kilichomo na mtoto hatafika. Fuata pia haya:

- Acha dawa kwenye chupa yake. Usiichanganye na nyingine.
- Kile kifuko kidogo kilichomo ndani ya chupa hunyonya unyevu. Kiache humo, na usimpe mtoto akichezee.
- Usiweke dawa dirishani penye jua, karibu na jiko wala mahali penye unyevu.
- Usimwambie mtoto kwamba dawa ni pipi. Baadhi ya dawa za watoto zina ladha tamu, na mtoto akiamini ni pipi atazitafuta mwenyewe.
- Mkoba wa bibi au wa mgeni anayekuja kulala nao utundikwe juu. Mara nyingi una dawa zake.

Dawa zilizoisha muda au zilizobaki baada ya kupona usizihifadhi "kwa ajili ya siku nyingine", na usizitupe uani. Zipeleke zahanati au duka la dawa uulize jinsi ya kuziteketeza.

Jinsi ya kupanga, hatua kwa hatua

Huhitaji siku nzima. Chagua asubuhi yenye jua na uanze na sehemu moja tu: rafu moja, droo moja au begi moja.

1. Mtoe mtoto kwanza. Mpe mtu mwingine amwangalie. Wakati vitu vyote vipo sakafuni ndipo mtoto huokota kidonge au betri.
2. Toa vyote nje. Weka kwenye mkeka au turubai. Angalia mifuko ya makoti na suruali, maana vidonge, viberiti, nyembe na sindano hubaki humo.
3. Gawa mafungu manne. Tunavyotumia sasa, vya kumpa mwingine au kuuza, vya kutupa, na vya hatari vinavyohitaji kufungiwa.
4. Futa kabati. Tumia kitambaa chenye maji na sabuni, kisha acha milango wazi likauke kabisa.
5. Rudisha kwa mpangilio. Vizito chini, vya kila siku katikati, vya hatari juu na kwa kufuli.

Fungu la pili ndilo gumu. Mama mwingine hutunza nguo za mtoto aliyekwisha kuanza shule, akisema huenda atapata mwingine. Hakuna ubaya kutunza chache zilizo nzima. Lakini sweta lililokaa miaka mitatu chini ya begi linaweza kumkinga baridi mtoto wa jirani leo. Nguo nzuri unaweza pia kuiuza mnadani au kumpa ndugu anayejifungua karibuni. Nguo zilizochanika zifanye matambara ya usafi.

Angalia pia kabati lenyewe. Mtoto hupenda kuvuta droo na kuzipanda kama ngazi, na kabati lisilokaa imara linaweza kumwangukia. Usiweke televisheni, redio kubwa au sanduku zito juu yake. Mwombe fundi alifunge ukutani kwa kipande cha chuma na skrubu.

Betri ndogo bapa, zile za saa, rimoti na vitu vya kuchezea vinavyowaka taa, ziweke pamoja na dawa. Mtoto akimeza betri hiyo inaweza kuunguza koo lake kwa ndani kwa muda wa saa mbili tu.

Nguo, baridi na unyevu

Kati ya Juni na Agosti baridi yetu ni kali na nguo huchelewa kukauka. Ukikunja nguo yenye unyevu na kuisukumia kwenye kabati lililojaa, hewa haipiti, na baada ya siku chache inatoa harufu na madoa meusi ya kuvu. Kuvu huwasumbua zaidi watoto wenye pumu na wenye kikohozi cha mara kwa mara.

- Kunja nguo ikiwa imekauka kabisa. Gusa sehemu za mishono na kola, maana ndizo huchelewa kukauka.
- Acha nafasi ya vidole viwili kati ya kabati na ukuta ili hewa ipite.
- Siku ya jua, fungua milango ya kabati na madirisha. Anika blanketi na mablangeti ya mtoto nje.
- Usikaushe nguo kwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, na usilale na jiko hilo. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu hufa akiwa usingizini bila kujua.

Kama mnatumia zile duara nyeupe zenye harufu kali za kuzuia nondo, ziweke mbali na mtoto, maana akizimeza ni sumu. Usiziweke kabisa kwenye nguo za mtoto mchanga. Baadhi ya watoto wachanga, kutokana na hali ya kurithi katika damu, hupungukiwa damu na kupata manjano kwa kuvuta harufu yake au kuvishwa nguo zenye dawa hiyo. Nguo ulizopewa zikiwa na harufu hiyo, zifue na uzianike juani hadi harufu iishe kabla ya kumvika.

Mtu wa nyumbani akiugua upele unaowasha usiku, fua nguo na mashuka yake kwa maji ya moto. Visivyofulika vifunge kwenye mfuko wa plastiki kwa wiki moja, kwa sababu wadudu wa upele hawaishi siku nyingi nje ya ngozi ya mtu. Wote mnaoishi pamoja mtibiwe kwa wakati mmoja.

Kama huna kabati

Si lazima ununue. Begi, sanduku la bati au kamba ya kutundikia nguo vinatosha vikipangwa. Inua begi kutoka sakafuni kwa matofali na ubao ili unyevu na panya visifike. Gonga msumari imara juu ukutani kwa ajili ya mkoba wa dawa, mahali ambapo wewe mwenyewe unanyoosha mkono kufika, na pasiwe na kiti wala kitanda cha kupandia chini yake. Kwa dawa za shambani, fundi seremala anaweza kukutengenezea kisanduku cha mabaki ya mbao chenye komeo na kufuli.

Mahali pa kufika haraka hata gizani

Kupanga kunasaidia pia unapotafuta kitu cha kuokoa maisha. Tenga mfuko mmoja wa plastiki usiopitisha maji, uwekwe mahali pamoja siku zote, na kila mtu mzima wa nyumbani apajue. Ndani yake weka:

- kadi za kliniki za mama na watoto, na vyeti vya kuzaliwa;
- kadi ya bima, kama mnayo;
- namba za simu za zahanati, za mhudumu wa afya wa kijiji na za dereva mwenye gari au bodaboda unayemwamini;
- pesa kidogo ya nauli.

Kama wewe au binti yako ni mjamzito, weka karibu na mfuko huo begi la kujifungulia, lenye kanga au vitenge safi, nguo za mtoto, kofia, soksi na blanketi lililokauka. Andika ndani ya mlango wa kabati namba 115. Ni namba ya bure ya m-mama kwa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga.

Mtoto akila au kunywa kitu cha hatari

- Mwondoe kwenye kitu hicho na umtoe mabaki yanayoonekana mdomoni.
- Usimtapishe. Usimpe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Kutapika mafuta ya taa kunaweza kuyapeleka kwenye mapafu, na maziwa hayaondoi sumu.
- Kama dawa imemwagikia mwilini, mvue nguo na umwoshe kwa maji mengi na sabuni. Kama imeingia machoni, yamwagie maji safi kwa dakika 15 au zaidi.
- Kama amelegea lakini anapumua, mlaze kwa ubavu.
- Mpeleke kituo cha afya mara moja hata kama anaonekana mzima. Beba chupa au pakiti ya alichokula, na ueleze kiasi na saa.
- Kama unashuku amemeza betri, mpeleke moja kwa moja hospitali yenye eksirei.

Usichelewe kwa kuogopa kulaumiwa, na usifiche jina la dawa, hata kama ni dawa ambayo hukutaka mtu ajue. Mhudumu anahitaji kuijua ili amtibu mtoto, na anapaswa kukutunzia siri.

Leo anza na hili moja

Piga magoti mpaka macho yako yafike usawa wa macho ya mtoto wako. Zunguka chumba hivyo hivyo: fungua droo ya chini, chungulia chini ya kitanda, gusa chini ya nguo. Kila kitu cha hatari unachokifikia ukiwa hapo, naye anakifikia. Kitoe leo na ukifungie juu. Nguo zinaweza kungoja Jumamosi.